Maji ya Kuingilia Nyumba

Mimi nilihamisha bahari kwa lori la mpunga, na nalisema hilo bila kuona haya. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, nimeolewa na fundi umeme wa magari kwenye shamba la miwa kule Kidatu, na sebuleni kwetu palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Wageni walidhani ni mapambo ya plastiki. Niliwaacha wadhani hivyo mpaka mmoja apitishe mkono juu ya tangi na kivuli chake kiwafanye wale viumbe wajikunje, vidole vyao vidogo vya zambarau vikipotea ndani ya jiwe. Hapo mgeni huondoa mkono, na mimi huenda kuleta chai nikiwa nimevimba kichwa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Matumbawe yangu hayakung'olewa mwambani, yaliokotwa. Miaka ile watu walikuwa wakivua kwa baruti, na kila mlipuko uliacha chini ya maji kifusi cha vitu ambavyo jana yake vilikuwa hai. Kaka yangu alikuwa mzamiaji wa pweza. Nilipokwenda likizo alinipandishia vipande vilivyokuwa bado na uhai, vingine vikubwa kama ngumi, vimeng'ang'ania mawe yaliyovunjika. Kundi la kwanza lilikufa njiani, na abiria wa basi zima wakanitukana kwa harufu. La pili liliishi wiki moja tu. La tatu likakubali. Lakini kufikia wakati huo kaka alikuwa ameacha kuzamia, masikio yamemharibikia, amehamia Dar es Salaam kupakia mizigo stesheni. Kwa hiyo nilichokuwa nacho ndicho hicho. Kikifa, hapakuwa na pa kupata kingine.

Ndiyo maana mume wangu aliponiambia anaacha kazi shambani, na kwamba tunahamia Ifakara kwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga kwao, swali langu la kwanza halikuhusu mshahara.

"Mwezi gani?" nikauliza.

"Desemba. Shule zikifungwa."

"Desemba hatuhami."

"Kwa nini tena?"

"Joto. Lori likituharibikia njiani saa saba mchana mwezi wa Desemba, tutafika Ifakara na supu."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Tulinuniana siku kadhaa, yeye akila kimya na mimi nikiosha vyombo kwa kelele, mwisho akakubali Julai. Julai bonde la Kilombero lina asubuhi za kuvaa sweta, na barabara imekauka. Watoto tukawatanguliza kwa bibi yao ili waanze muhula huko.

Nyumba yenyewe niliipanga kuanzia kwenye tangi kwenda nje. Nilitaka dirisha la sebule litazame mawio, ili jua la asubuhi liguse maji kisha liondoke kabla halijawa kali. Fundi mwashi alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba sebule hutazama barabarani. Nikamwambia barabara haina shida na mwanga. Kona moja ya sakafu nikaagiza imwagwe zege nene, akaniuliza kama pale ndipo tutakapoweka mashine ya kukoboa. Mume wangu naye, na hapa nisiponyooka nitamdhulumu, alichukua ile pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kioo cha gari akaifunga kwenye betri, ikawa inazungusha maji usiku na mchana. Umeme wa Ifakara siku zile ulikuja ulipotaka, na matumbawe hayawezi kuusubiri.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji ya bahari, hata yawe safi namna gani, hayafai kupokea matumbawe siku yanapoingia kwenye kioo kipya. Tangi lazima likae kwanza na mawe machache ya zamani, mpaka vijidudu visivyoonekana vizaliane na kuanza kula uchafu. Mimi nilijifunza hilo kwa kuzika kundi la pili. Basi safari hii nilitengenezesha tangi jipya, nikaliweka kwenye nyumba mpya mapema, nikalijaza nusu, nikatia mawe ya kutoka Kidatu. Nusu ya juu niliiacha makusudi, maana huwezi kupanga mawe kwenye tangi lililojaa bila kufurika sebuleni. Maji ya kuijaza nusu hiyo kaka aliyatuma kwa treni, dumu kwa dumu, na sisi tukayapokea stesheni ya Ifakara na kuyamimina kwenye pipa la bluu ukumbini. Pipa lile ndilo lilikuwa roho ya mpango wote. Bila hilo, matumbawe marefu yangebaki na vichwa nje ya maji, na yale mafupi yangechemka kwenye maji kidogo.

Aliyelilinda pipa ni mama mkwe wangu. Alikuwa Mndamba, mjane, mtu wa mtoni aliyekulia kwenye kambi za wavuvi, na maneno yake yalikuwa machache. Alihamia kwenye nyumba mpya kabla yetu, pamoja na watoto. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitendea ubaya. Kila nikienda kwake alinipa kiti kizuri na kunikaribisha kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Mkwe aliyepokelewa hutumwa: leta kuni, chuja nazi, mkimbize huyo kuku. Mimi nilikuwa nakalishwa kama afisa elimu.

Nilipokwenda mara ya mwisho kabla ya kuhama, nilimpeleka ukumbini.

"Mama, maji haya naomba yasiguswe na mtu. Ni ya siku ya kuingia nyumba."

Aliweka kiganja juu ya mfuniko wa pipa. "Yametoka baharini?"

"Baharini kabisa, mama."

"Mpaka siku ya kuingia."

"Mpaka siku hiyo."

"Nimesikia," akasema, na sauti yake ilikuwa na uzito ambao sikuujali. Nilipanda gari kurudi Kidatu nimeridhika, nikijisifu kwamba nimepanga kila kitu.

Siku ya kuhama tuliondoka alfajiri. Lori lilikuwa la mfanyabiashara aliyekuwa akienda Ifakara kuchukua mpunga, kwa hiyo lilikuwa tupu na lilikuwa na haraka. Vyombo vilipangwa mbele, na mimi nikakaa nyuma juu ya godoro nikiwa nimezungukwa na ndoo zenye mifuniko, ndani yake matumbawe na samaki wadogo wa njano. Mkononi nilikuwa na pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu. Kazi yangu ilikuwa kufunua ndoo, kutumbukiza mpira, kupampu hewa, kufunika, na kuhamia ndoo inayofuata. Utingo aliniangalia mpaka Mang'ula ndipo akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, unawajaza upepo?"

"Nawapa pumzi."

"Basi nipe nikusaidie. Mikono yako imeshachoka."

Tulipofika Kiberege tairi lilipasuka. Dereva alipokuwa chini ya lori, wauza ndizi walilizingira. Mmoja akauliza tumebeba nini, na utingo, bila kuacha kupampu, akamjibu, "Bahari." Walipanda kuhakikisha. Kabla tairi halijafungwa, nusu ya soko la Kiberege ilikuwa imepokezana ile pampu, na bibi mmoja alikataa kuiachia mpaka kila ndoo iwe imepata zamu yake mikononi mwake. Nilipofunua ndoo tulipoondoka, matumbawe yalikuwa yamejifunga lakini yalikuwa na rangi yake. Niliimba mpaka tulipoanza kuziona nyumba za Ifakara. Sina sauti ya kuimba, na utingo alinivumilia.

Lori lilipogeuka kuingia kwetu, nilinusa bahari. Sikukosea. Nilikuwa nimekulia ndani ya harufu ile. Kwa muda mfupi sana nilifurahi.

Uwanja ulikuwa umejaa majirani, na wanawake wakapiga vigelegele. Kuta za nyumba zilikuwa na michirizi mibichi kila kona. Katekista wa kigango chetu alikuwa amesimama mlangoni na tawi la majani linalodondosha maji. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Alinishika mkono, akaniongoza mpaka kizingitini, akachota maji kwa kata na kunimwagia miguuni taratibu, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Desturi hiyo sijawahi kuiona kwa Wandamba wala kwa mtu mwingine, na nadhani aliitunga mwenyewe.

"Ingia nyumbani kwako," akasema.

"Mama," nikasema, "maji haya yametoka wapi?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si yako? Ya kuingilia nyumba. Si uliniambia mwenyewe?"

Nilikimbia ukumbini na miguu yangu ya chumvi. Mfuniko ulikuwa umeegemezwa ukutani. Chini kabisa ndani ya pipa yalibaki maji ya kujaza sufuria. Nilipotoka nje ndipo nikaona ambacho sikukiona mwanzo: kila jirani alikuwa na chupa, au kopo, au birika, na wengine walikuwa wameshaanza kwenda zao.

"Mama, umeniua!" nikapiga kelele. "Mmeniua nyote!"

Vigelegele vilikatika. Mimi nikianza sijui kuacha, na siku ile sikuacha. Niliwaita washirikina, nikamwambia katekista kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuwakataza, nikamwambia mume wangu kwamba ningebaki Kidatu. Yeye alinipita, akaenda kwa mama yake na kusema naye kwa Kindamba, kwa sauti ndogo. Niliona uso wa mama ukibadilika. Baadaye mume wangu alinifafanulia yaliyotokea, na hata sasa nikiyakumbuka nasikia joto masikioni. Mama alikuwa amewaambia majirani kwamba mke wa mwanawe, mtu wa pwani na tena msomi, ameiagizia nyumba ile maji ya bahari kwa treni ili mtu yeyote wa humo asidhurike. Kila dumu liliposhuka stesheni yeye alihesabu kwamba namjali. Alimwita katekista kwa sababu padri alikuwa safarini. Akaona si vizuri kujikinga peke yake na kuwaacha majirani, akawagawia. Ile ilikuwa sherehe yangu. Wale watu wote walikuja kunipokea mimi.

Mama alikuja mpaka kwenye lori. "Nionyeshe," akasema.

Nilifunua ndoo. Matumbawe yalikuwa yamejikunyata, yameanza kutoa ute, na samaki mmoja alikuwa akihema juujuu.

"Wako hai hawa?"

"Wako hai. Mpaka jioni, sijui."

"Na hayo maji ndiyo nyumba yao."

"Ndiyo, mama."

Hakusema pole. Alipanda kwenye ngazi ya mlangoni, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti, akaita kama mtu anayeita mtumbwi ulio ng'ambo ya mto. "Rudisheni maji! Rudisheni maji ya mwanangu!"

Mtu mmoja akajibu kutoka kwenye kundi, "Lakini mama, si umetupa wewe mwenyewe?"

"Nimewapa mimi, na ninayataka mimi. Nendeni mkawaite na walioondoka!"

Kisha akanigeukia. "Na wewe usisimame hapo. Leta kitambaa cha kuchujia. Shika ndoo hiyo. Haraka!"

Nilikimbia. Nilikuwa nimekasirika, nimeogopa, na bado nilisikia kitu kikinyanyuka kifuani: nilikuwa natumwa.

Nilisimama kando ya tangi na kila chupa ikapita puani kwangu, kisha ulimini. Chupa ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa ya mafuta ya taa, nikaikataa, na mwenyewe akaondoka amenuna. Mama mmoja alikuwa ameshatia majani ya dawa. Mwingine alikuwa ameshamwogesha mtoto, na akamleta mtoto mwenyewe kama ushahidi. Mzee mmoja alisema yake ameyanywa yote, na akauliza kama choo kimeshakamilika. Nilikuwa na kipimo changu, mrija wa kalamu uliozibwa kwa nta na kutiwa msumari ndani, wenye alama mahali unapopaswa kuelea kwenye maji ya bahari. Chupa moja ilijaa mpaka mdomoni, ikanichangamsha, lakini nilipotia kalamu ikazama mpaka shingoni.

"Hii imeongezwa maji ya kisima," nikasema.

Mwenye chupa, mwanamke wa nyumba ya pili, akatazama pembeni. Mama mkwe alimsogelea. "Nusu nyingine iko wapi, dada?"

"Chini ya kitanda."

"Kailete."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na yule mwanamke alicheka kuliko wote akienda kuileta. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Walikuja na chupa za soda, mitungi, termosi ya chai iliyosuuzwa vizuri. Waislamu wa nyumba ya nyuma walileta dumu zima lililokuwa halijaguswa, wakisema walikuwa wanamsubiri baba yao arudi awaambie la kufanya nalo. Katekista ndiye aliyekuwa wa mwisho. Nilikuwa namwonea haya kwa yale niliyomtamkia, nikamwomba radhi.

"Mwalimu," akanijibu, akinikabidhi chupa yake, "niliyaombea yaingie salama kwenye nyumba hii. Sikutaja yaingie yakae wapi."

Maji yalipanda. Mume wangu alikuwa amepiga magoti anaunga waya za betri, na kila chupa ikimiminwa alitamka kwa furaha, kama mtoto, umbali uliobaki kufikia alama ya juu ya tangi. Hatukuifikia. Tulipungukiwa upana wa vidole vichache hata baada ya kuchanganya maji ya ndoo za safari. Nikaingiza mikono mpaka mabegani, nikapanga mawe upya, na lile tumbawe refu kuliko yote nikalilaza ubavu ili maji yalifunike. Pampu ikaanza kuzunguka. Samaki waliingia wakajificha papo hapo. Matumbawe yenyewe yalikaa kimya, yamefumba, rangi ya jivu, na hakuna aliyeweza kuniambia kama yamelala au yamekufa. Majirani waliondoka wakinyata, kama watu wanaotoka kwa mgonjwa.

Sikupata usingizi wa maana. Asubuhi nilikuta mama mkwe ameshaamka, amekaa kwenye kigoda chake mbele ya tangi, na jua la kwanza limeingia kwenye lile dirisha lililomshangaza fundi. Sikuthubutu kusogea. Nilisimama kwenye mlango wa chumba nikimtazama yeye badala ya kutazama kioo.

"Njoo," akasema. "Wamefumbuka."

Walikuwa wamefumbuka. Si wote, lakini wengi mno kuwahesabu. Vile vidole vya zambarau vilikuwa vimetoka vyote kwenye jiwe lao na vinayumba na maji. Yale ya kijani yalikuwa yamefunguka mpaka nikaona midomo yao. Hata lile nililolilaza ubavu lilikuwa limeanza kutoa ncha upande wa juu. Nililia pale pale, kwa sauti, na mume wangu alitoka chumbani mbio akidhani ni msiba, alipoona akaanza kucheka na kunipigapiga mgongoni.

Kabla chai haijachemka majirani walianza kuingia bila kubisha hodi ya maana, kila mtu akitaka kuona maji yake. Yule mwanamke wa nyumba ya pili alipita mbele ya wote akaweka kidole kwenye kona ya kioo. "Yangu ni yale ya pale, wanapocheza wale wa njano," akasema, na hakuna aliyembishia. Mtu akauliza ni nani mwenye hivi vitu. Mama mkwe akasema ni vya hapa nyumbani.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na kigoda chake, bado ninafuta macho kwa khanga. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimetoa bahari Tanga nikaivusha Kidatu na Kiberege mpaka sebule ya Ifakara, ikamwagwa, ikaokotwa chupa kwa chupa, na ilikuwa inapumua mbele yangu. Mama aliinama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akawatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Hawa asubuhi wanakula nini?"

"Dagaa, mama. Waliotwangwa wakawa unga laini. Kidogo sana."

Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akawapita wageni wote na kwenda jikoni kutafuta kinu.